Fundi wa Risiva Alijua Kabla Yangu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama jikoni, simu ya mke wangu mkononi, nasoma ujumbe ambao haukuandikwa kwa ajili yangu.

Kwa aliyekosa gazeti, ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Njoo Alhamisi saa nane mchana. Usimwambie mume wangu. Nitamwambia mwenyewe siku nikiwa tayari."

Ulikwenda kwa fundi redio. Watu wanamwita Taratibu, kwa sababu anaongea kwa upole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Ndiye aliyetuuzia risiva. Na ndiye aliyenifanya nikonde mpaka suruali zikaanza kunikimbia kiunoni.

Najua mnanicheka. Barua zenu nimezisoma. Mmoja wenu kaandika, "Fundi makochi, huo wivu utakuua." Haujaniua. Umenifanyisha jambo ambalo mpaka leo nikikaa peke yangu naona aibu, na leo nalisema kama lilivyo.

Lakini ngoja kwanza niwaambie tulivyoinunua hiyo risiva, maana hapo ndipo nilipoanza kuona mambo.

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Miezi mitatu iliyopita alianza kulalamikia runinga.

"Muziki nausikia," akasema. "Maneno hayasikiki."

"Pandisha sauti."

Akapandisha mpaka jirani akatugongea ukuta. Nikimwita kutoka jikoni, haitiki. Nikimsemesha tukiwa tumekaa, anatazama mbele kama sipo. Nikajisemea, basi, nimechokwa. Kuna nyumba wanarushiana sahani. Kwangu mimi nilikuwa narushiwa kimya.

Ndipo akasema tununue vyombo vya sauti. Spika, na risiva ya kuziendesha. Risiva, kwa asiyeijua, ni lile sanduku linalopokea sauti kutoka kwenye runinga na kuigawia kila spika fungu lake: ya kushoto, ya kulia, za nyuma, na ile ya katikati inayotoa maneno.

Mimi nilikuwa nimeshachagua moyoni. Nilitaka ile mpya iliyokaa dirishani dukani kwa Taratibu, spika saba, wati elfu mbili zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, na taa za rangi zinazokimbizana. Nilitaka jirani agonge ukuta mpaka achoke.

Taratibu akaitazama, akanitazama mimi.

"Shemeji, wati za kwenye boksi huwa zinabaki kwenye boksi."

"Una maana gani?"

"Wanaandika wanavyotaka. Halafu sebule yenu, mwalimu kanieleza, ni ndogo. Spika saba mtazitundika wapi, chooni?"

Mke wangu akacheka. Kicheko kile cha kurudisha kichwa nyuma. Nilikuwa sijakisikia tangu mwaka uanze, na sasa kinatolewa bure kwa muuza spika.

Na kanielezea lini huyu habari za sebule yangu?

Taratibu akainama chini ya meza, akatoa risiva ya zamani, nyeusi, imechubuka pembeni. Akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Chukueni hii. Imetumika, bei yake nusu ya ile. Lakini ina mambo mawili. Kila spika unaweza kuipandisha peke yake, hata kama nyingine umezishusha. Na ina maiki yake ndogo ya kupimia chumba. Unaiweka pale unapokaa, inasikiliza, inajipanga yenyewe. Kama shida yenu ni maneno, basi hii ndiyo yenyewe."

"Ile ina taa," nikasema.

"Taa hazisemi, shemeji."

Mke wangu akacheka tena.

Hapo nikapiga hesabu zangu. Mfanyabiashara anajiwa na mteja anayetaka cha ghali, pesa anazo, naye anamkataza. Anamsukumia kikuukuu. Mtu wa namna hiyo hatafuti faida ya duka. Anatafuta kitu kingine, na kitu chenyewe kilikuwa kimesimama pembeni yangu kimevaa gauni la bluu.

Simu yangu ikalia. Mteja wa kochi la ngozi. Nikatoka nje kuongea naye, nikawa nawaona kupitia kioo.

Taratibu alimkalisha mke wangu kwenye kiti, katikati ya spika mbili. Akaenda ya kushoto, akafanya kitu mpaka kioo kikatetemeka, akamwuliza. Mke wangu akatikisa kichwa. Akamwuliza tena. Kisha huyo bwana akazunguka nyuma ya kiti, akamshika mke wangu mabega, akamgeuza.

Kamshika mabega! Mbele ya macho yangu, kwenye duka lenye kioo!

Mke wangu akafunika uso kwa viganja.

Niliingia mbio. Wote wawili wakanyamaza. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu.

"Kuna nini?"

"Vumbi," akasema.

Tukanunua ile iliyochubuka na spika zake. Tukakubaliana fundi aje kuifunga Jumapili, nikiwepo. Kufika Jumanne, nikauona ule ujumbe. Alhamisi. Saa nane. Usimwambie mume wangu.

Sasa mmefika nilipo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda karakana kama kawaida. Nikakata sponji, nikaikata vibaya. Nikakata nyingine, nayo ikatoka upande. Msaidizi wangu, mzee wa watu ambaye kazi yake ni springi tu, akaniambia, "Bosi, leo ukikaa karibu na mkasi utatukata na sisi."

Saa saba na nusu nikavua aproni. Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda shuleni, nikijiambia kwamba nikimkuta darasani, basi nitarudi kazini, nitamwomba Mungu msamaha na kumnunulia zawadi.

Sikumkuta. Nilimkuta mwalimu mkuu.

Huyu mwalimu mkuu si mtu wa mbali kwetu. Ni mama mtu mzima, amefundisha miaka thelathini, na ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Mimi humwita mama. Ana miwani anayoivua kila anapofikiri, na kuisahau kila anapokwenda.

"Mkeo kaomba ruhusa saa saba," akasema. "Kasema anakwenda hospitali. Hakukuambia?"

Damu ilinipanda kichwani. Nikatoa simu. Ule ujumbe nilikuwa nimeupiga picha. Nikamwonyesha.

Akavaa miwani, akasoma. Akaivua.

"Fundi huyu ni nani?"

Nikamwambia yote. Wati, mabega, vumbi, kicheko. Niliongea mpaka karani wa shule akaacha kupiga mihuri akanisikiliza.

"Baba," akasema, "hayo ni mambo ya ndani. Mimi nina shule ya kuendesha."

"Mama, siku ile ulisimama nami mbele za watu. Simama nami na leo. Nikiingia peke yangu nitafanya jambo baya. Na nikimkuta, atakataa. Nataka shahidi ambaye hawezi kumkatalia."

Mwishowe akachukua mkoba wake.

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu, na sikujua. Nilijiona mwanamume mwenye busara kwelikweli, ninayekwenda kufumania na msimamizi wa ndoa.

Tulipofika, mapazia ya sebule yalikuwa yamefungwa. Saa nane na nusu, jua linawaka, mapazia yamefungwa! Madirisha nayo yamefungwa. Mlangoni kulikuwa na viatu vya kiume, vimepangwa vizuri, pembeni ya kandambili za mke wangu.

Nikamwonyesha mama kwa kidole. Akatazama pembeni.

Nikatega sikio mlangoni. Kimya. Si maongezi, si kicheko, si kijiko kugonga kikombe. Mwanamume na mwanamke ndani ya chumba kilichofungwa, na hakuna anayesema neno. Mngefikiri nini nyinyi?

Nikausukuma mlango kwa bega.

Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona moja, amekumbatia magoti. Taratibu alikuwa kwenye kona nyingine, amesimama kama mlinzi wa benki, kidole mdomoni. Kochi langu, nililolishona kwa mikono yangu, lilikuwa limevutwa mbele kutoka ukutani. Juu yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mito mitatu imepandanishwa, na juu ya mito, kidude cheusi kinacholingana na kifundo cha kidole, chenye waya mrefu.

Ile spika ya pembeni ikatoa mlio wa ajabu, fyuuu! Kisha risiva ikazima sauti na kuandika maneno mekundu.

"Shemeji," akasema Taratibu kwa huzuni, "umeharibu kipimo. Inabidi tuanze upya."

"Kipimo gani?"

"Cha chumba. Maiki inasikiliza. Ikisikia kelele nyingine inakataa. Ndiyo maana tumefunga madirisha na kunyamaza. Hata kuku wa jirani alitusumbua."

Nikaangalia kile kidude. Nikaangalia mito. Nikahisi mwalimu mkuu ananitazama kisogoni.

Mtu mwenye akili angeishia hapo, akacheka, akaomba radhi, akachemsha chai. Mimi nikatoa simu.

"Na huu ujumbe nao ni kipimo? 'Usimwambie mume wangu'? Na hospitali uliyomdanganyia mwalimu mkuu, nayo ni kipimo?"

Mke wangu alikuwa bado hajaona nimeingia na nani. Alipomwona mama amesimama nyuma yangu, akainuka polepole, akajishika ukutani. Nimewahi kumwona mke wangu akiumwa, nimewahi kumwona kwenye msiba wa baba yake. Sura ile sikuwahi kuiona.

"Umemleta mwalimu mkuu?"

"Ndiyo. Jibu mbele yake."

"Siwezi."

"Umesikia, mama? Hawezi."

Taratibu akamwambia, "Dada, acha nimweleze."

"Usithubutu!" akamfokea. Sauti ikamkatika. "Uliniahidi."

Uliniahidi! Kwangu mimi neno lile lilikuwa hukumu. Mke wangu ana ahadi na mwanamume mwingine, na ahadi yenyewe analilia isivunjwe mbele yangu.

Mwalimu mkuu akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka mkoba magotini. "Mwalimu," akamwambia mke wangu, usoni kabisa, "kama hakuna baya, sema tu, mwanangu. Yaishe."

Mke wangu akamtazama mdomoni, akatikisa kichwa.

Taratibu akanishika mkono. Mara ya kwanza katika maisha yangu kushikwa na mtu ninayetaka kumpiga. "Njoo nje, shemeji. Dakika moja. Halafu ukitaka kunipiga, nipige."

Tukatoka uani, kwenye kamba ya nguo. Akaongea chini ya soksi zangu mwenyewe zilizokuwa zinakauka.

"Mkeo hasikii," akasema.

"Hasikii nini? Ushauri?"

"Shemeji, hasikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia linapungua. Siku ile dukani nilimwashia spika ya kushoto, nikamwuliza kama inamtosha. Akaniambia, 'Si uiwashe basi.' Na ilikuwa inaunguruma mpaka kioo kinatetemeka. Nikamgeuza, sikio la kulia likatazama spika. Akasikia. Ndipo akaanza kulia."

Nikashika kamba ya nguo.

"Hospitali alishakwenda, mwezi uliopita, wakamwambia. Leo hakwenda, aliitumia kuombea ruhusa tu. Alitaka niifunge wakati haupo, kwa sababu lazima nipandishe mno ile spika ya maneno na ya upande wa kulia. Ungeniona nafanya hivyo ungeuliza kwa nini."

"Na kwa nini nisiulize? Mimi si mumewe?"

"Anaogopa kazi. Kuna mwalimu mwenzao alipoteza sauti, wakamtoa darasani, sasa anagawa chaki stoo. Mkeo anasema darasa la kwanza ni masikio. Mtoto anatamka herufi, mwalimu asikie kama kakosea. Mwalimu mkuu akijua tu, basi, darasa hana."

"Nimekuuliza kwa nini hakuniambia mimi."

"Unataka nikwambie alivyosema?"

"Sema."

"Alisema wewe ukikasirika, mtaa mzima unajua."

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa sebuleni kwangu kwenye kiti cha plastiki, na aliyemleta ni mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitajipendelea. Mwanamume mwingine angelia. Mkewe amekuwa akiishi miezi yote hiyo na jambo zito namna ile, naye alikuwa anamwona ana maringo. Zile siku zote za kutoitika, hakuwa amenichoka. Alikuwa hanisikii. Ningepaswa kuanguka palepale kwenye kamba ya nguo.

Kilichonijia kwanza kichwani kilikuwa hiki: amemwambia yeye kabla yangu.

Mtu amemjua kwa nusu saa. Mimi nimelala naye miaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyemwona akilia, mimi nikapewa vumbi. Nilimwonea wivu Taratibu kwa ajili ya ugonjwa wa mke wangu, kana kwamba ni zawadi amepewa yeye nikanyimwa mimi.

Hata hivyo nilijikaza. Nikarudi ndani nimevaa tabasamu la kushonwa.

"Mama, nisamehe," nikamwambia mwalimu mkuu. "Nimejitia aibu. Walitaka kunishtukiza tu. Niikute mashine imeshafungwa, imeshapangwa. Ndiyo siri yenyewe."

"Na hospitali?"

"Tumbo. Lilimsumbua asubuhi, likatulia."

Mke wangu akanitazama mimi, akamtazama Taratibu, akaelewa kwamba ninajua. Mabega yakamshuka kidogo.

Mwalimu mkuu hakuwa amemeza yote. Lakini alitaka kumeza, na hilo lilitosha.

"Haya," akasema, "basi na mimi nilione hilo lidude lililotaka kuvunja ndoa niliyoisimamia. Lifungeni, tulisikie."

Basi tukakaa. Sitaisahau ile robo saa. Watu wanne kwenye sebule iliyofungwa mapazia, kila mmoja ukutani kwake, hakuna kukohoa, na kile kidude kimekaa peke yake juu ya kochi kama bwana harusi. Fyuuu, ya kushoto. Fyuuu, ya kulia. Fyuuu, ya nyuma. Mimi na mtu niliyekuja kumfumania tunatazamana, tumekatazwa hata kupumua kwa nguvu. Mwalimu mkuu akataka kupiga chafya, akajibana pua mpaka machozi yakamtoka.

Taratibu akamaliza. Akaminya rimoti mara kadhaa, haraka haraka, nikajua anapandisha ile ya maneno. Akaweka taarifa ya habari.

Msomaji akaingia sebuleni. Kila neno limesimama peke yake, limenyooka, kama vile yule bwana amekaa nasi anatusomea barua.

Mke wangu akaweka mkono mdomoni.

"Barabara," akasema. "Kasema barabara. Kasema na mvua." Akacheka, akalia. "Kila neno!"

"Kweli mashine nzuri," akasema mwalimu mkuu, anavua miwani ajifute macho. "Na bei ya kawaida?"

"Nusu ya ile yenye taa," nikajibu.

Akainuka. Mlangoni akanivuta pembeni, akanipa maneno yangu. "Mwanamke kama huyu huna pa kumpata tena. Muhula ujao nampeleka mbele ya wakaguzi, darasa lake ndilo la mfano. Ukinirudisha hapa kwa upuuzi kama huu, nitakuchapa viboko mbele ya wanafunzi."

"Sirudii, mama."

Akaondoka. Taratibu akakusanya waya zake, akamfuata nyuma, viatu mkononi, kwa haraka ya mtu aliyenusurika.

Tukabaki wawili, na msomaji wa habari.

Mke wangu alikaa kwenye kochi, amegeukia upande wangu. Mlango ulikuwa nyuma yake, kushoto. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, uso kwa uso naye.

"Umekuja kunifumania," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Lakini umeniokoa. Uongo wako wa tumbo ulikuwa mbaya, ila ahsante."

Hapo palinitosha. Ningemkumbatia tu, nikanyamaza, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine.

"Nataka uniambie," nikasema.

"Si ameshakuambia?"

"Ameniambia yeye. Nataka wewe."

"Unajua tayari, mwenzangu. Unataka nini tena?"

"Nataka kusikia kwako. Kama ulivyomwambia yeye. Na yale ambayo hukumwambia."

Akanitazama mdomoni, akahakikisha. Akavuta pumzi.

Na mlango ukafunguka.

Alikuwa mwalimu mkuu. Miwani yake ilikuwa imebaki juu ya risiva. "Hodi," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, mguu mmoja ndani. Mimi nilimsikia juu ya sauti ya taarifa ya habari. Mke wangu hakusikia. Hakutikisika hata kope.

Mwalimu mkuu akaona kisogo cha mke wangu. Akaona uso wangu. Akadhani ameingilia mambo ya mume na mke, akasimama pale pale, hajui aingie ama arudi.

Ndugu zangu, nilikuwa na muda. Sitawadanganya kwamba ilikuwa ghafla. Ningeweza kunyanyua kiganja tu, mke wangu angenyamaza. Ningeweza kumwambia, "Ngoja." Ningeweza kusema, "Karibu, mama, miwani yako hii hapa."

Lakini mke wangu alikuwa ameshafungua mdomo. Kwa miezi mitatu nilikuwa nalingojea neno moja la kweli kutoka kwake, na mwingine alikuwa ameshalipata. Nilijua nikimkatisha sasa, halitarudi. Nililitaka liwe langu.

Sikunyanyua kiganja.

"La kushoto limekufa kabisa," akasema mke wangu. "Hili jingine, daktari kasema labda mwaka, labda miwili. Nikiwa darasani namweka yule binti mwenye sauti kubwa dawati la mbele, arudie wanayosema wenzake. Watoto wanadhani ni mchezo. Wengine nawasoma midomo."

Mlangoni, mwalimu mkuu akashusha mguu wake polepole.

"Na kuna moja sijamwambia mtu yeyote. Hata huyo fundi. Hili ni lako wewe peke yako."

Langu mimi peke yangu! Moyo wangu ulijaa, niseme ukweli, ulijaa raha.

"Ule mtihani wa kusoma kwa sauti, wa mwisho wa muhula. Wale uliowaona wamepewa vyeti, wazazi wakapiga makofi. Sikuwasikia, mwenzangu. Watoto arobaini na wawili, mmoja mmoja wanasimama wanasoma, na mimi sisikii. Nilitazama midomo, nikaweka alama kwa kukisia. Wapo waliofaulu wasiojua hata herufi. Wapo niliowaangusha bure. Mwalimu mkuu alizitia sahihi zile karatasi kwa kuniamini mimi. Kila nikimwona natamani ardhi inimeze."

Akamaliza. Akanyoosha mkono, akanishika vidole, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uanze. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Basi," akasema. "Sasa umejua kuliko wote. Sema kitu."

Sikuweza. Nyuma yake mwalimu mkuu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Mke wangu akatabasamu, akavibana vidole vyangu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka, kidogo kidogo.

"Mwenzangu," akasema, "mbona unatazama mlangoni?"